Haut-Lomami: Chatu anakula mara ngapi? Hesabu inayowahusu wavuvi na wafugaji wa Kinkondja

Kinkondja, mtaa wa Bukama. Chatu mchanga anahitaji chakula karibu kila juma. Chatu mkubwa akishameza mbuzi mdogo anaweza kulala miezi bila kutafuta kitu kingine. Kati ya hesabu hizo mbili kuna mambo mengi: maisha ya kuku na bata wa wakaaji wa kandokando ya ziwa Kisale, usalama wa watoto wanaochota maji jioni, na maisha ya nyoka mwenyewe, hasa pale mtu anapomfungia ndani ya sanduku na kumlisha kama mbwa.

Huko Ulaya na Marekani, watu wengi wanafuga chatu nyumbani, na swali la kwanza wanalomuuliza muganga wa wanyama ni hilo: nimlishe mara ngapi? Huku Kinkondja chatu si mnyama wa nyumbani. Ni jirani. Anaishi kwenye mafunjo, kwenye nyasi ndefu zinazoelea juu ya maji, kwenye mashimo ya kingo za Lualaba. Lakini jibu wanalopewa wafugaji wa mbali linawafaa hata watu wa hapa, kwa sababu mwili wa chatu ni uleule, awe ndani ya kioo mjini Paris au kwenye matete ya Kisale.

Boa au chatu?

Wakaaji wengi wa Congo wanamwita «boa», neno lililokuja na Kifaransa. Kwa wataalamu, boa wakubwa wanaojulikana duniani ni wa Amerika, nao wanazaa watoto walio hai. Nyoka mkubwa wa huku ni chatu, na yeye anataga mayai. Afrika ina aina mbili za chatu wakubwa wanaofanana sana: yule wa kaskazini, anayeitwa kwa kisayansi Python sebae, na yule wa kusini, Python natalensis, ambaye ndiye wa upande wa Katanga ya zamani. Kwa muda mrefu wataalamu waliwahesabu kama aina moja.

Eneo hili si geni kwa watafiti wa nyoka. Hifadhi ya taifa ya Upemba, iliyoanzishwa tarehe 15 mei 1939, iko jirani na bonde hili la maziwa. Kati ya mwaka 1946 na 1949, Mbelgiji Gaston-François de Witte aliongoza kazi kubwa ya kukusanya wanyama wa Upemba, na mwaka 1953 kikachapishwa kitabu chake juu ya nyoka, mijusi na kobe wa hifadhi hiyo. Upande wa Kivu ya Kusini, mtafiti Mkongomani Chifundera Kusamba, wa kituo cha utafiti wa sayansi cha Lwiro, alichapisha mwaka 1990 kazi juu ya nyoka wa Zaire na watu wanaoumwa nao.

Chatu hana sumu. Ana meno mengi yaliyopinda kuelekea ndani, ya kushikilia, kisha anamzungushia mnyama mwili wake na kumkaza. Zamani ilisemwa kwamba mnyama anakufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 2015, watafiti wa Marekani waliopima panya waliokazwa na boa walionyesha kwamba damu inaacha kuzunguka ndani ya sekunde chache tu. Moyo unashindwa kabla ya mapafu. Chatu naye anaua kwa kukaza vilevile.

Tangu yai hadi mwaka wa kwanza

Chatu jike wa kusini anataga mara nyingi mayai 30 hadi 50, na wale wakubwa sana wanaweza kukaribia 100. Anayazungushia mwili wake kwa miezi miwili hadi mitatu. Watoto wanatoka wakiwa na urefu wa santimetre 50 hadi 60 hivi, wembamba kama kidole gumba.

Katika siku za kwanza mtoto hali kitu. Bado ana kiini cha yai tumboni. Anangoja kuvua ngozi yake ya kwanza, jambo linalochukua juma moja au mawili, ndipo anaanza kuwinda. Anayemfuga anashauriwa asimlazimishe kabla ya hapo.

Baada ya kuvua ngozi, ratiba ya kawaida kwa wafugaji wenye uzoefu ni hii:

Mtoto hadi miezi sita hivi: mlo mmoja kila siku 5 hadi 7. Mlo wenyewe ni panya mdogo au kifaranga mmoja.

Miezi sita hadi mwaka mmoja: mlo mmoja kila siku 7 hadi 10, panya akiongezeka ukubwa kadiri nyoka anavyokua.

Mwaka mmoja hadi mitatu: mlo mmoja kila siku 10 hadi 14. Hapa panya mkubwa, kobayi au sungura mdogo anatosha.

Zaidi ya miaka mitatu: mlo mmoja kila juma la tatu au la nne. Chatu mkubwa kabisa, wa metre tatu au nne, anaweza kulishwa kila baada ya juma 4 hadi 6, kwa sungura au kuku mzima.

Miaka peke yake haitoshi kupima. Chatu aliyekula vizuri anaweza kuwa na metre mbili akiwa bado mdogo kwa umri, na mwenzake aliyekosa chakula akabaki mfupi. Ndiyo maana wafugaji wanatazama unene. Mnyama anayemezwa asipite sana unene wa nyoka pale mwili wake ulipo mnene zaidi. Kwa nyoka mchanga, uzito wa mlo unakaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa mkubwa ambaye hakui tena kwa haraka, unapaswa kuwa chini ya hapo.

Ukipiga hesabu ya mwaka, mtoto anayelishwa kila juma anakula mara 52. Mkubwa anayelishwa kila baada ya juma nne anakula mara 13 tu. Mbwa wa Kinkondja anakula mara nyingi zaidi ya hizo kwa juma moja.

Mwili unaozimwa na kuwashwa

Kwa nini mnyama mzito hivyo anatosheka na chakula kidogo hivyo? Jibu la kwanza ni joto. Mtu, mbuzi au kuku anachoma sehemu kubwa ya chakula chake ili mwili ubaki na joto lilelile usiku na mchana. Chatu anaota jua. Joto lake linatoka nje, halimgharimu chakula.

Jibu la pili liligunduliwa zaidi kwa chatu wa Burma, ndugu wa chatu wetu. Kuanzia miaka ya 1990, Wamarekani Stephen Secor na Jared Diamond walionyesha kwamba chatu asiye na chakula tumboni anazima karibu kila kitu: utumbo unakonda, tumbo linaacha kutoa asidi, moyo unapungua. Anapomeza mnyama, kila kitu kinawashwa tena. Baada ya mlo mkubwa sana, hewa anayotumia mwilini inaweza kupanda zaidi ya mara 40. Mwaka 2005, watafiti wengine walipima moyo wa chatu na kukuta umeongezeka asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya kula. Mwaka 2011, kikundi cha Leslie Leinwand, mtafiti wa Marekani, kilionyesha kwamba mafuta fulani yaliyomo katika damu ya chatu aliyekula ndiyo yanayokuza moyo huo, na yakidungwa ndani ya panya, moyo wao pia unakua bila kuharibika. Tangu hapo, waganga wa moyo wa binadamu nao wanamtazama chatu kwa jicho lingine.

Kuwasha mwili namna hiyo ni kazi nzito, na inahitaji joto. Chatu aliyekula anatafuta mahali pa nyuzi 28 hadi 32 hivi. Akikosa joto, nyama inaoza tumboni kabla ya kusagwa, na nyoka anaitapika. Hilo ndilo kosa linaloua chatu wengi wa kufugwa: mwenyewe anatoa chakula cha kutosha lakini anasahau joto.

Kwa Haut-Lomami jambo hilo lina majira yake. Katika miezi ya sita na ya saba, wakati wa kiangazi, usiku unakuwa baridi, hasa kwenye nyanda za juu upande wa Kamina. Katika miezi hiyo chatu anapunguza kula au anaacha kabisa. Anayeona nyoka wake amekataa chakula mwezi wa saba hana sababu ya kuhangaika siku ya kwanza.

Kufunga kula si ugonjwa

Mwanzoni mwa mwaka 2024, jarida la sayansi Scientific Reports lilichapisha utafiti uliofanywa katika mashamba mawili ya chatu huko Thailand na Vietnam. Watafiti, wakiongozwa na Daniel Natusch, walifuata chatu 4,601 wanaofugwa kwa ajili ya nyama na ngozi. Waliona kwamba baadhi ya nyoka hao walikaa hata zaidi ya miezi minne bila chakula, na wengi walipoteza uzito kidogo sana. Walipopewa chakula tena, walirudia kukua haraka.

Kwa jike anayetaga, kufunga ni sehemu ya maisha. Mwaka 2018, Graham Alexander, wa chuo kikuu cha Witwatersrand huko Afrika Kusini, alichapisha kazi yake juu ya chatu wa kusini katika hifadhi ya Dinokeng. Aliona kwamba jike hali kitu muda wote wa kutaga na kulalia, ambao unaweza kupita miezi sita. Ngozi yake inageuka kuwa nyeusi ili ashike joto la jua haraka, kisha anarudi shimoni kuwapa mayai joto hilo. Hata watoto wakishatoka, anabaki nao karibu juma mbili, usiku wanalala katikati ya mwili wake. Baada ya hapo ndipo anatoka kutafuta chakula, akiwa amekonda sana. Baadhi yao hawapati nguvu tena.

Dalili za njaa ya kweli ziko wazi. Uti wa mgongo unasimama kama ukingo wa jembe, ngozi inajikunja ubavuni, na nyoka hana nguvu ya kujikunja mkononi. Chatu mwenye afya ana mwili wa mviringo.

Kumshibisha kupita kiasi

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa chatu wa kufugwa ni kinyume cha njaa. Mtu anamwona nyoka anafuata mkono kila akikaribia, anafikiri ana njaa, anampa tena. Chatu ni mwindaji wa kuvizia. Porini hajui mlo unaofuata utapita lini, kwa hiyo anachukua kila nafasi. Ndani ya sanduku, nafasi hizo zinakuja kila juma, mwaka baada ya mwaka. Mafuta yanajaa tumboni, ini linaharibika, moyo unachoka. Chatu anayeweza kuishi miaka 20 hadi 30 anakufa mapema, na mwenyewe anashangaa kwa sababu hakuwahi kumnyima chakula.

Kuna kanuni nyingine zinazorudiwa na waganga wa wanyama. Nyoka ambaye macho yamekuwa meupe kama yenye ukungu yuko karibu kuvua ngozi, asilishwe kwanza. Akishakula, asiguswe kwa siku mbili angalau. Maji safi yawepo kila siku, hata kama chakula ni cha mwezi. Na panya apewe akiwa tayari amekufa: panya aliye hai, akiachwa usiku na nyoka asiye na njaa, anaweza kumng'ata nyoka hadi mfupa.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Nyoka wengi wanabeba vijidudu vya salmonela bila wao kuugua, na vijidudu hivyo vinaharisha watoto vibaya.

Pale hesabu inapokosewa

Chatu wa Afrika ana sifa mbaya kati ya wafugaji wa nchi za ng'ambo. Anakua haraka, hazoei mtu kwa urahisi, na akifikia metre tatu hakuna mtu mmoja anayeweza kumdhibiti peke yake. Mwezi wa nane mwaka 2013, katika mji wa Campbellton nchini Canada, chatu mmoja wa Afrika alitoroka kutoka chumba chake cha kioo ndani ya nyumba iliyo juu ya duka la wanyama. Usiku huo aliua watoto wawili, ndugu wa miaka 4 na 6, waliokuwa wamelala humo.

Mwaka mmoja kabla, yaani 2012, Marekani ilikuwa imeweka chatu wawili wakubwa wa Afrika katika orodha ya wanyama wasioruhusiwa kuingizwa nchini. Sababu yao ilionekana katika jimbo la Florida, ambako chatu wa Burma waliotoroka au kuachiliwa na wenyewe wamezaana kwenye mabwawa na kumaliza wanyama wengi wa porini. Baadhi ya nyoka wa kwanza walioachiliwa huko walianza kama watoto wadogo waliouzwa dukani.

Hapa Afrika pia vifo vimetokea, ingawa ni nadra sana. Mwaka 1979, kaskazini mwa Afrika Kusini, chatu wa metre nne na nusu aliua mvulana wa miaka 13 aliyekuwa akichunga ng'ombe. Kisa hicho kiliandikwa na wataalamu kwa sababu visa kama hivyo ni vichache mno.

Kwa watoto wa kandokando ya ziwa kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Mtoto wa chatu ana madoa ya kahawia na manjano, na mtu asiyejua anaweza kumchanganya na kifutu, nyoka mwenye sumu kali ambaye anaweza kuua tangu siku ya kuzaliwa. Kifutu ni mfupi na mnene, mkia wake ni mfupi, na mgongoni ana alama zilizopangana kama mishale. Mtoto wa chatu ni mrefu na mwembamba, na juu ya kichwa ana alama ya kahawia kama ncha ya mkuki. Lakini anayesimama karibu kiasi cha kuona tofauti hiyo amekwisha kusimama karibu mno. Mwaka 2017, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) liliweka kuumwa na nyoka wenye sumu katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na lengo lake ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Wazazi wana njia rahisi ya kusaidia: kumfundisha mtoto asiokote nyoka yeyote, hata mdogo, hata aliyelala.

Mfugaji wa mbuzi afanye nini?

Ratiba ya chakula inamweleza mfugaji ni nyoka gani anamhusu. Chatu wa mwaka mmoja hawezi mbuzi. Anakula panya, wale wanaotoboa magunia ya mahindi na kukata nyavu za wavuvi zilizoanikwa. Anayemuua anajinyima mlinzi wa ghala. Chatu wa metre mbili anaweza kuku na bata. Kuanzia metre tatu na zaidi, mbuzi mdogo na mbwa wako hatarini.

Chatu huwinda zaidi usiku na jioni, na anapenda kungoja karibu na maji. Kwa hiyo banda la bata lililo ukingoni mwa ziwa, chini, bila mlango, ni kama sahani iliyoandaliwa. Kuliinua juu ya miti, kuziba matundu kwa wavu wa chuma, na kufunga kabla jua halijatua kunamnyima nafasi. Kukata nyasi ndefu kuzunguka boma kunamnyima mahali pa kuvizia. Mbuzi wenye watoto wachanga wasilale nje.

Na pale chatu anapokutwa ameshameza, tumbo limevimba, hasara imekwisha kutokea. Nyoka huyo ni mzito, hawezi kukimbia, na kwa majuma kadhaa hana haja ya mbuzi mwingine. Akisumbuliwa, mara nyingi anatapika alichomeza ili apate kukimbia, na hapo anabaki na njaa tena.

Sheria inasema nini

Kumchukua mtoto wa chatu porini na kumweka nyumbani, au kumuuza, si jambo la mtu binafsi peke yake. Chatu wote wa dunia wako katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, CITES, karibu wote katika orodha ya pili: biashara ya kuvuka mipaka inahitaji kibali cha serikali. Congo iko katika mkataba huo tangu mwaka 1976. Ndani ya nchi, sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 februari 2014 inahusu ulinzi wa mazingira asilia, na taasisi ya ICCN ndiyo inayosimamia hifadhi kama Upemba, ambamo kukamata mnyama yeyote ni kosa.

Biashara ya chatu wa kufugwa duniani imejengwa zaidi juu ya aina nyingine, chatu mdogo anayejikunja kama mpira, Python regius. Anaishi kutoka Afrika ya Magharibi hadi Uganda, na Togo, Benin na Ghana zimeuza nje idadi kubwa ya watoto wake kwa miaka mingi. Yeye mara chache anapita metre moja na nusu, na ratiba yake inafanana: mtoto kila juma, mkubwa kila juma mbili hadi nne. Anajulikana pia kwa kukataa chakula miezi mingi bila kuugua, jambo linalowatisha wenyewe wapya. Chatu wa Kisale si huyo. Anayemfananisha naye atajikuta, baada ya miaka minne, na nyoka mrefu kuliko pirogi ndogo.

Mfugo wa kesho?

Waandishi wa utafiti wa mwaka 2024 walipendekeza jambo lililowashangaza wengi: kwamba chatu anaweza kuwa mfugo wa chakula katika nchi zenye joto ambako mifugo mingine inateseka na ukame na magonjwa. Hoja yao inatoka moja kwa moja katika ratiba ya chakula. Nguruwe au kuku akikosa chakula mwezi mmoja anakufa. Chatu anangoja. Anageuza panya na mabaki ya nyama kuwa mwili, na maji anayohitaji ni machache.

Katika Congo nyama ya chatu inaliwa tayari sehemu nyingi, ikitoka porini. Lakini mashamba ya Asia yanafuga chatu wa Asia, wana vibali, wana waganga, na wana soko la ngozi. Bila mambo hayo, kinachoitwa ufugaji kinakuwa njia nyingine ya kumaliza nyoka wa porini. Kuna pia swali la panya: anayelisha chatu 50 wachanga anahitaji panya 50 kila juma, na lazima awapate mahali.

Kwa Waluba, nyoka mkubwa ana nafasi yake tangu zamani. Katika masimulizi ya asili ya ufalme, Nkongolo, mfalme wa kwanza kabla ya Kalala Ilunga, jina lake linahusishwa na upinde wa mvua, na upinde huo na nyoka. Masimulizi hayo yanasema juu ya mfalme mkali asiyejua kiasi, aliyepoteza ufalme wake.

Chatu wa kweli, yeye, anajua kiasi. Akipata, anakula, akikosa, anangoja. Mfugaji aliyefunga banda lake kabla ya jua kutua hana ugomvi naye. Na yule anayefikiria kumfungia sanduku mtoto aliyemkuta kwenye nyavu, na ajiulize kwanza kama yuko tayari kumtafutia panya kila juma leo, na sungura au kuku mzima kila mwezi kwa miaka 20 inayokuja.